Manowari ya Bomba Tatu na Mabega ya Kariakoo

Kila manowari ina kitabu chake. Humo huandikwa siku chombo kilipoanza kuundwa, siku kiliposhushwa majini, majina ya makamanda wake, bandari kilizotia nanga, mapigano kiliyopigana, na hatimaye siku kilipozama au kuuzwa kuwa chuma chakavu. Mataifa yenye majeshi makubwa ya majini huvitunza vitabu hivyo kama sisi tunavyotunza hati za mashamba. Hata zile nyambizi za mwanzo za Marekani, tangu ile iliyoitwa Holland iliyopokewa jeshini mwaka 1900, chombo kidogo cha mabaharia wachache, zimeandikiwa kazi zao mpaka mwisho wao. Chuma kikishapewa jina na namba hakisahauliki upesi.

Sisi wa Dar es Salaam nasi tunayo manowari katika hesabu hiyo, ingawa haikuwa mali yetu. Nimefundisha historia miaka mingi, kwanza shuleni na baadaye katika chuo cha ualimu, na kila nilipofika kwenye Vita Kuu ya Kwanza niliwataka wanachuo waifuate manowari hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Niliona kwamba mtu akiifuata kwa uangalifu haishii baharini. Hufika Kariakoo.

Manowari yenyewe iliitwa Königsberg. Ilianza kuundwa mwaka 1905 katika karakana ya serikali mjini Kiel, Ujerumani, ikashushwa majini Desemba mwaka huo huo. Naomba msomaji aushike mwaka huo. Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, kusini mwa mto Rufiji, watu waliochoshwa na kilimo cha pamba cha kulazimishwa waliing'oa miche, na vita vya Maji Maji vikaanza. Mafundi wa Kiel walipokuwa wakigongomea misumari ya chombo, huku kwetu vijiji vilikuwa vikichomwa. Chombo kilipoanza kazi Aprili 1907, makumi ya maelfu ya watu wa kusini walikuwa wamekwisha kufa, wengi wao kwa njaa iliyofuata kuteketezwa kwa mashamba na maghala. Nani angedhani kwamba manowari ile ingekuja kufia si mbali na vilima hivyo hivyo?

Ilikuwa na urefu wa mita 115 na uzito wa tani 3,400 hivi, mizinga kumi ya sentimita 10.5, na mabaharia zaidi ya 300. Miaka yake ya kwanza ilikuwa ya amani, na mara kadhaa ilipewa kazi ya kuisindikiza jahazi ya anasa ya Kaisari Wilhelm wa Pili. Aprili 1914 ilikabidhiwa kwa kamanda Max Looff, ikaondoka Kiel, ikapitia mfereji wa Suez na kutia nanga Dar es Salaam mwanzoni mwa Juni.

Mji ulikuwa na shamrashamra. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwezi Februari mwaka huo, na serikali ya Kijerumani ilikuwa ikitayarisha maonyesho makubwa ya mwezi Agosti. Watu walijaa pwani kuitazama manowari. Ilikuwa na dohani tatu za kutolea moshi, na kwa macho ya wakati ule wingi wa dohani ulikuwa dalili ya nguvu. Wenyeji wakaiita manowari ya bomba tatu. Jina hilo limehifadhiwa hata katika vitabu vya Wazungu, nami hulipenda kwa sababu ni miongoni mwa maneno machache sana ya watu wetu yaliyoingia katika historia ya chombo kile.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu hakumponya mwenyeji. Julai 31, 1914 Königsberg iling'oa nanga ili isije ikafungiwa bandarini na manowari za Waingereza zilizokuwa zikija kutoka kusini. Vita vilipotangazwa ilikuwa tayari mbali. Agosti 6, karibu na pwani ya Omani, iliikamata meli ya mizigo ya Kiingereza iitwayo City of Winchester, ikachukua makaa yake na kuizamisha. Baada ya hapo ikabanwa na shida iliyoiandama mpaka mwisho, yaani makaa ya mawe. Chombo cha mvuke bila makaa ni sawa na punda bila majani. Waingereza walilijua hilo, wakainunua mapema akiba ya makaa iliyokuwako katika bandari ambazo Wajerumani wangeweza kuitafuta.

Huku nyuma, Agosti 8, manowari ya Kiingereza Astraea ilifika mbele ya Dar es Salaam na kuupiga kwa mizinga mlingoti wa simu ya upepo. Wajerumani wenyewe wakaizamisha gati yao ya kuelea katika mlango wa bandari ili adui asiingie. Kwa tendo hilo Königsberg nayo ilikosa nyumba. Ndipo ilipojificha katika delta ya Rufiji mapema Septemba, ndani ya mikondo ambayo Wajerumani walikuwa wameipima lakini ramani za Waingereza hazikuionyesha vizuri.

Kutoka huko ilitoka mara moja tu kwenda kupigana. Alfajiri ya Septemba 20, 1914 iliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga Unguja ikitengenezwa mitambo. Mizinga ya Pegasus haikuweza kufika mbali kama ya adui wake. Muda mfupi ulitosha. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na makaburi yao yako hadi leo katika kisiwa cha Chapwani, mkabala wa mji wa Unguja. Siku hiyo hiyo mtambo wa Königsberg ukaharibika, ikarudi Rufiji ikichechemea.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo kitabu cha manowari kinapoanza kuwahusu watu wetu bila kuwataja. Mitambo iliyoharibika haikuweza kutengenezwa mtoni. Ilifunguliwa, ikapandishwa nchi kavu, ikapelekwa kwenye karakana za Dar es Salaam, kisha ikarudishwa. Kati ya delta na mji ni zaidi ya kilomita 100 za mchanga, mabonde na pori. Hapakuwa na reli wala barabara ya magari. Vyuma vile vilikwenda kwa kamba, kwa magogo, na kwa mabega ya watu. Vitabu husema kwa ufupi tu kwamba mitambo ilipelekwa Dar es Salaam ikatengenezwa. Mwalimu wa sarufi atakuambia kwamba kitenzi hicho kiko katika kauli ya kutendwa, na kwamba kauli ya kutendwa ina faida moja kubwa: humruhusu mwandishi asimtaje mtendaji.

Waingereza waliigundua manowari mwishoni mwa Oktoba. Mwezi Novemba waliizamisha meli nzee iitwayo Newbridge katika mkondo mmojawapo ili kuiziba. Wakaleta ndege, chombo ambacho wakazi wengi wa delta hawakuwa wamewahi kukiona, ili zitafute mahali ilipojificha. Wajerumani walikata matawi wakaifunika, wakaisogeza ndani zaidi katikati ya mikoko. Januari 1915 Waingereza waliteka kisiwa cha Mafia, wakakifanya kambi. Aprili mwaka huo meli ya Kijerumani Rubens ilifika ghuba ya Manza, karibu na Tanga, imejificha chini ya jina la Kidenmaki, ikileta makaa na silaha. Ilipigwa ikazama maji mafupi. Silaha nyingi ziliokolewa, lakini makaa hayakuifikia Königsberg. Mabaharia waliobaki mtoni walishikwa na malaria, wakafa mmoja mmoja.

Mwisho uliletwa na manowari mbili za ajabu, Severn na Mersey. Zilikuwa zimeundwa Uingereza kwa ajili ya Brazili, ziweze kwenda katika mito, na kwa hiyo kitako chao hakikuzama sana majini. Zilikokotwa kutoka Malta mpaka Mafia. Julai 6, 1915 ziliingia mtoni, zikapigana siku nzima, zikarudi nyuma. Julai 11 ziliingia tena, ndege ikiwa juu inawaelekeza wapigaji mizinga. Königsberg ikawaka moto, na Looff, mwenyewe akiwa amejeruhiwa, akaamuru ilipuliwe. Ikalala ubavu katika matope ya Rufiji.

Katika kitabu cha manowari huo ndio mwisho, na aliyekiandika akapiga mstari. Lakini mizinga kumi haikufa. Yote iliopolewa kutoka majini na kupelekwa Dar es Salaam, na mafundi wa karakana wakaitengenezea magurudumu. Kuanzia hapo mizinga ya baharini ikawa mizinga ya nchi kavu, na ikatawanywa nchi nzima. Iliyopelekwa mahali penye reli ilikuwa na nafuu. Mmoja ulikwenda hadi Kigoma ukafungwa juu ya meli Graf von Götzen, ile ile tunayoijua kwa jina la Liemba. Mwingine uliachwa na kuharibiwa Kahe, Machi 1916. Mizinga hiyo ilisikika Kondoa Irangi, ikasikika kusini. Kabla Wajerumani hawajavuka Ruvuma, Novemba 1917, yote ilikuwa imekwisha kupotea au kuharibiwa mmoja baada ya mwingine.

Kila mzinga ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja bila kuhesabu magurudumu. Mbung'o waliua ng'ombe na farasi. Reli ilipokwisha walibaki watu. Mamia walifungwa kamba kuvuta mzinga mmoja, na nyuma yao walikuja wengine wamebeba risasi zake, na nyuma ya hao wengine wamebeba chakula cha wote.

Nilikuwa na desturi ya kuandika ubaoni hesabu ndogo. Chukulia mpagazi anabeba kilo 25 za unga na anakula kilo moja kwa siku. Ikiwa askari yuko mwendo wa siku 10 kutoka ghalani, mpagazi atakula kilo 10 akienda na kilo 10 akirudi. Atakachomfikishia askari ni kilo tano tu. Sasa tuseme askari naye anakula kilo moja kwa siku. Ili askari mmoja ale siku 20, wanahitajika wapagazi wanne. Ongeza hema, dawa, risasi na mzigo wa ofisa wa Kizungu. Darasa lilikuwa likinyamaza. Walielewa bila kuhubiriwa kwa nini vita ile ilimeza watu wengi namna ile, na kwa nini wakubwa, walipotaka kupunguza mzigo, walipunguza kwanza chakula cha mpagazi.

Upande wa Waingereza kikosi cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps. Dar es Salaam ilipotekwa Septemba 4, 1916, wapagazi waliwekwa katika eneo la magharibi ya mji, ambako Wajerumani walikuwa wamejenga banda kubwa lililokusudiwa kuwa soko. Ulimi wa watu ukalifinyanga jina la kikosi, likawa Kariakoo. Nairobi nao walifinyanga la kwao, Kariokor. Banda lilianza kutumika kama soko mwaka 1923, na baada ya uhuru likabomolewa kulipisha lile jengo la msanifu majengo Beda Amuli lililokamilika miaka ya 1970, ambalo liliungua Julai 2021. Majengo yamebadilika. Jina limebaki pale pale.

Ni wangapi waliokufa? Kwa upande wa Waingereza peke yake wanahistoria wengi hukadiria wapagazi karibu 100,000. Upande wa Wajerumani haukuweka daftari la namna hiyo. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Na si wao peke yao. Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalichukua watu, ng'ombe na nafaka, ilikuja njaa ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya. Kisha ikaja homa ya mafua ya 1918. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi.

Katika ukoo wetu yumo mmoja wao. Alikuwa kaka mkubwa wa babu yangu mzaa baba, kijana wa upande wa Kisarawe, mwenye mke na mtoto mchanga. Alichukuliwa pamoja na wenzake kwenda kuvuta chuma kutoka Rufiji. Hakurudi. Bibi yangu alipotuhesabia watu wa ukoo, akifika kwake alikuwa akisema tu, "Huyu aliondoka na chuma." Hakusema amekufa, kwa kuwa hakuna aliyeleta habari ya kifo. Matanga hayakuwekwa kwa miaka kadhaa, na mkewe alikaa katikati, si mke wala si mjane, mpaka wazee walipokutana wakaamua. Mimi nilikuwa nikifikiri chuma ni jina la mahali. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu mwenye chaki mkononi, nilipounganisha maneno ya bibi na manowari ya bomba tatu.

Tazama basi jinsi hesabu zilivyokwenda. Tunajua Königsberg ilishushwa majini mwezi gani. Tunajua mizinga yake ilikuwa kumi. Mmoja uko Mombasa, Fort Jesus, na mwingine uko Pretoria mbele ya majengo ya serikali, imepakwa rangi, watalii hupiga nayo picha. Tunajua hata kwamba mwaka 1924 haki ya kuchukua vyuma vya mzoga wake ilinunuliwa na yule yule aliyekuwa kamanda wa Pegasus, na kwamba katika miaka ya 1960 mabaki yalididimia kabisa katika matope. Tunajua mambo mengi ya chuma. Lakini jina la mtu aliyekuwa wa tatu kwenye kamba ya kuvuta mzinga hatulijui, wala la wa nne, wala la yeyote.

Wapo wanaosema vita ile haikuwa yetu, kwa hiyo hatuna sababu ya kuikumbuka. Ni kweli haikuwa yetu. Lakini vifo vilikuwa vyetu. Wengine husema Sanamu ya Askari inatosha, ile iliyowekwa mwaka 1927 katikati ya mji, bunduki ikielekea bandarini. Naiheshimu sanamu ile, na maandishi ya chini yake yanawataja wapagazi pia. Lakini aliyesimama juu ni mmoja, naye ana bunduki. Nairobi, katika sanamu za wakati ule ule, waliwasimamisha watatu, na mpagazi ni mmoja wao. Hapa petu mpagazi hakupata shaba. Alipata mtaa.

Na pengine mtaa ni bora kuliko shaba, kama tu tungejua maana yake. Hakuna siku ambayo jina la Kariakoo halitajwi na maelfu ya watu. Makondakta wanalitangaza, wafanyabiashara kutoka Lubumbashi na Lusaka wanaliulizia, wapenzi wa Simba na Yanga wanalijua kama nyumbani. Katika Mtaa wa Kongo na Mtaa wa Msimbazi vijana bado wanapita na mabelo ya vitenge begani, wakisukuma mikokoteni, wakipiga kelele watu wawapishe. Wanalipwa kidogo kwa mzigo mzito, na wengi wa wanaowapisha hawawatazami usoni. Sisemi hali yao ni sawa na ya mwaka 1916. Hawa wanaweza kuweka mzigo chini na kwenda zao. Nasema tu kwamba wanabeba mizigo mahali palipopewa jina kwa ajili ya wabeba mizigo, na hakuna aliyewaambia.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wenzangu na kwa wazazi. Wana wa wapagazi wale wamekwisha kufa karibu wote. Wajukuu ni sisi wazee wa leo, na sisi tuna habari za nusu nusu: aliondoka na chuma, alichukuliwa na Wazungu, alikwenda kwenye vita vya Mjerumani hakuonekana tena. Habari hizo za nusu zinafaa kuandikwa kabla hatujaondoka nazo. Mwanafunzi na aende kwa bibi na babu yake na daftari, aulize kama katika ukoo yupo aliyekwenda na mzigo asirudi, na aandike jina lake, jina la baba yake na kijiji chake. Hayo matatu yanatosha.

Mimi nimeanza na la kwetu. Nimeliandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari la ukoo, na chini yake nimeacha mistari mitupu, kwa kuwa alikuwa na wenzake alioondoka nao, na huenda wajukuu wao wanasoma ukurasa huu.